Nne na Moja

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya masonara na wanafunzi wa sanaa hapa Mombasa, jioni ya Alhamisi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikapunguza kukohoa tu.

Asalaam aleikum, na wasiosalimiwa hivyo, hamjambo. Wazee wangu, mabibi, masonara wenzangu, na nyinyi vijana wa nyuma mnaopiga picha kabla sijafungua mdomo, ahsanteni kwa kuja.

Kadi ya mwaliko inasema nitazungumzia "mkono wa Fatma", ile hirizi ya kiganja kilicho wazi inayovaliwa kukinga kijicho. Simlaumu aliyeandika, ndivyo unavyojulikana duniani. Lakini jina hilo naomba tuliweke kando kwanza. Nitalirudia, maana nina ugomvi nalo. Nianze na siku nilipolijua jambo lenyewe, na nililijua kwa aibu.

Nilifanya kazi miaka kadhaa Marseille, katika karakana ndogo ya kutengeneza vito. Mwenye karakana alikuwa mzee wa Kikabylia, mtu wa milima ya kaskazini mwa Algeria. Mji ule umejaa watu wa huko, na wateja wetu wengi walikuwa shangazi zake na bibi zake, kwa damu au kwa heshima. Siku moja akaja bibi kuchukua pete zake tano tulizokuwa tumezing'arisha. Mimi nikataka kuonyesha adabu. Nikamhesabia kwa Kiarabu cha madrasa, ndicho kidogo tulichokuwa nacho sote wawili. Wahid, ithnein, thalatha, arbaa. Nilipofika ya mwisho nikainua mkono kama tunavyofanya sokoni Kongowea, vidole vimetawanyika, kiganja kimemwelekea usoni, nikasema kwa furaha: khamsa!

Bibi akarudi nyuma hatua moja. Uso ukamkunjamana. Yule mzee akaweka tupa chini, akanishika kifundo cha mkono, akanikunja kidole gumba mpaka kikaniuma, kisha akamwambia bibi kwa upole: nne, na moja. Bibi akazitia pete zake mkobani akaondoka bila kuniaga.

Kumbe nilikuwa nimemwambia mbele ya watu kwamba ana kijicho.

Algeria, Tunisia na Morocco kuna msemo: "khamsa fi ainek", tano jichoni mwako. Mtu akimsifu mtoto kupita kiasi, au akikikodolea kitu macho bila kumtaja Mungu, mwenye mtoto au mwenye kitu hulisema neno hilo kwa sauti ya chini, au hunyoosha tu kiganja. Vidole vitano vinaliwahi jicho kabla jicho halijamwahi mtoto. Kwa sababu hiyo neno "tano" lenyewe limekuwa kama kisu kilicho wazi, humwelekezei mgeni uliyemkaribisha. Watu wa zamani wakifika tano katika kuhesabu walilikwepa. Walisema "nne na moja", au "hesabu ya mkono wako".

Kijicho sina haja ya kuwaeleza. Wengi wenu mlipakwa nukta ya wanja kwenye paji la uso mkiwa wachanga, ili jicho la mtu likianguka lianguke pale penye doa. Kwa hiyo kwa imani hatutofautiani sana na watu wa kule. Ila sisi tunaupaka uzuri doa ili usionekane sana, na wao wanalipiga jicho.

Niseme kidogo wao ni nani. Waamazigh ni wenyeji wa Afrika ya Kaskazini tangu kabla ya Waarabu, kabla ya Warumi, kabla ya Wafoinike waliojenga Carthage. Wapo Morocco na Algeria kwa wingi, wapo Tunisia na Libya, wapo hadi Siwa upande wa Misri, na Watuareg wa Sahara, kule Niger na Mali, ni wa ukoo huohuo. Wenyewe hujiita Imazighen. Waberiberi ni jina walilopewa na wengine, na wengi hawalipendi. Lugha yao iliwekwa nje ya mlango wa shule kwa muda mrefu. Morocco iliifanya rasmi katika katiba ya 2011, Algeria ikafuata 2016.

Mkono kwao ni afus. Tano, kwa watu wa kusini mwa Morocco, ni semmus. Wakabylia wa mzee wangu wamebaki na moja na mbili tu za asili, na kuanzia tatu wanahesabu kwa maneno waliyoyakopa kwa Waarabu, hivyo tano yao ni khamsa. Msiwacheke. Sisi tumekopa sita, saba na tisa, na tano ikasalimika kwa bahati. Na hata hiyo khamsa tunayo, imekaa ndani ya Alhamisi na ndani ya jina la kila Khamisi aliyezaliwa siku hiyo. Morocco husema "khamsa wa khmis", tano na Alhamisi, kinga mbili zimefungwa pamoja, kwa kuwa siku hiyo nayo imebeba tano tumboni. Mwandalizi wetu aliichagua Alhamisi kwa sababu siku hii ukumbi ni nafuu. Basi tumepata kinga bila kuilipia.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono.

Hiki nilichokiweka juu ya kitambaa cheusi ni cha Watuareg. Kinaitwa khomissa, huvaliwa na wanawake shingoni. Mliokaa mbele, niambieni mkono uko wapi.

Naona mnatafuta. Haupo. Kuna kipande cha ngozi nyekundu, pembeni kimekuwa cheusi kwa jasho la shingo ya mtu. Juu yake vimebandikwa vipande vyeupe vya kombe la bahari, kila kimoja kwa umbo la uru wa karata, kingo zimelainishwa mpaka hazikwaruzi. Vihesabuni kimoyomoyo. Ndiyo, vimetimia. Hakuna kidole, hakuna kiganja, hakuna ukucha. Fundi aliyeweza kukata kombe namna hii bila kulipasua angeshindwa nini kuchonga mkono? Hakuona haja. Hesabu ikitimia mkono upo.

Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka. Sisi masonara tunaujua mkono huu kama umbo, kidani chenye vidole, kama hivyo vinavyouzwa kila uwanja wa ndege. Katika sanaa ya Waamazigh mkono mara nyingi hauchorwi. Unahesabiwa.

Ukitaka kuuona, ufuate kwa wanawake. Mazulia ya milima ya Atlas hufumwa na wanawake nyumbani, kwenye kitanda cha kufumia kilichosimama wima. Mfumaji hupitisha uzi, halafu huushindilia kwa chanuo la chuma zito lenye mpini, tap, tap, tap. Tazama zulia likiisha. Utaona mistari mifupi mitano imesimama sambamba juu ya mstari mmoja. Ni chanuo hilo? Ni mkono ulioshika chanuo? Ukimuuliza mfumaji anaweza kukupa jibu moja asubuhi na jingine jioni, na yote mawili ni kweli. Kisha utaona nukta tano: nne pembeni, moja katikati, kama ule upande wa dadu mnaoujua. Nilipoiona mara ya kwanza nilibaki nimesimama. Ni maneno ya yule mzee yamefumwa kwa sufu. Nne, na moja.

Nukta hizohizo zilichanjwa usoni. Mabibi wa milimani, Algeria na Morocco, walikuwa na chale za buluu kidevuni, kwenye paji la uso, kwenye vifundo vya mikono, zilizotiwa kwa sindano na masizi. Nyingine zilikuwa pambo la arusi, nyingine alama ya kabila, nyingine dawa ya maumivu. Nukta na misalaba midogo ilikuwa kinga. Nusu ya pili ya karne ya 20 desturi hiyo ilikufa haraka: watu walihamia mijini, mashekhe waliikataza kwa nguvu zaidi, wasichana waliona haya. Waliobaki nazo leo ni vikongwe. Yule bibi wa pete alikuwa nazo, mstari mmoja kutoka mdomo wa chini hadi mwisho wa kidevu na nukta huku na huku. Mimi niliudhani ni upambaji wa kizamani. Nilimnyooshea khamsa mwanamke aliyekuwa amebeba kinga yake mwenyewe usoni miaka mingi kabla mimi sijazaliwa.

Vyungu ni vivyo hivyo. Sejnane, kaskazini mwa Tunisia, wanawake hufinyanga bila gurudumu, hupaka udongo mwekundu na rangi nyeusi inayotokana na majani ya mti, na michoro yao inafanana na ile ya chale na ya mazulia. UNESCO iliuingiza ufundi wao katika orodha ya urithi mwaka 2018. Kuna msomi wa Kifini, Edward Westermarck, aliyefika Morocco kwanza mwaka 1898 akawa anarudi tena na tena. Alizifuata alama hizi moja moja, kwenye nguo, ngozi, vyungu na milango, akaonyesha kwamba nyingi ni mikono na macho yaliyopunguzwa mpaka yakabaki nukta na misalaba. Huenda wakati mwingine aliona mkono hata palipokuwa na nukta tu. Kwa jambo kubwa namwamini.

Mkono wenye vidole utaukuta kwa mwanaume na nyundo yake. Hapa nakuja kwa watu wa kazi yangu, kwa hiyo mnisamehe nikikaa kidogo.

Miji ya kuijua ni miwili. Tiznit, kusini mwa Morocco, na At Yenni, kule Kabylia. At Yenni wanasifika kwa fedha yenye rangi. Fundi hujenga vijumba kwa nyuzi za fedha zilizosokotwa, huvilehemu juu ya bamba, kisha hujaza kila kijumba unga wa kioo, buluu iliyokolea, kijani, njano, na kuchoma mpaka unga uyeyuke na kung'aa. Mwisho hupachika marijani mekundu. Kazi ngumu kuliko inavyoonekana: moto ukizidi, lehemu inaachia na nyuzi zako zinalala chini kama nyasi zilizonyeshewa. Mzee wangu alinifundisha, nikaharibu vipande vingi, naye akawa anavihesabu kwa sauti. Alipofika cha tano alisema "nne na moja" hata kwa vilivyoungua.

Tiznit na vijiji vya Anti-Atlas, kidani cha mkono huitwa khmissa, kama ungesema kitano kidogo. Mwangalieni fundi anavyokichora. Dole gumba liko kulia, na kushoto pia liko dole gumba. Mkono huo si wa kulia wala wa kushoto, na hakuna binadamu aliyezaliwa nao. Mara nyingi huning'inia vidole vikitazama chini, na kiganjani fundi huweka kinachompendeza: jiwe jekundu kama jicho, mjusi, ua, nukta zetu zilezile. Hata ulipopata vidole, mkono ulibaki hesabu.

Watu wa mashambani huko walipenda fedha kuliko dhahabu, na Watuareg ndio zaidi. Dhahabu kwao ilionekana ina nuksi. Mafundi wao, wanaoitwa inadan, ni ukoo wa peke yao, watu huwahitaji na kuwaogopa kidogo kwa pamoja, na wake zao ndio washonaji wa ngozi kama hii. Fedha waliipata wapi? Waliyeyusha sarafu. Na moja ya sarafu hizo mnaijua nyote kwa hadithi za babu zenu: riale ya Maria Theresa, yenye tarehe ya 1780 hata ikiwa imechapwa miaka mia baadaye, fedha 833 katika 1000. Ndiyo iliyokuwa ikihesabiwa Unguja kwenye biashara ya pembe na karafuu. Sonara wa Sahara na sonara wa pwani hii walikuwa wakiyeyusha uso wa malkia mmoja.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hulipita haraka. Fedha ya vijiji vile vya Morocco, kwa vizazi, ilifuliwa kwa sehemu kubwa na Wayahudi wa hukohuko, waliosema lugha ya majirani zao na kuishi kwa miadi ya soko lao. Baada ya 1948, na hasa miaka ya 1950 na 1960, karibu wote waliondoka. Nyundo zikabaki kwa wanafunzi wao Waislamu. Wayahudi nao waliuvaa mkono, wakaandika herufi za Kiebrania kiganjani, na wakauita wa Miriamu, dada yake Musa. Ndiyo maana mtu akinijia na hasira kwamba mkono huu ni wa dini fulani, humwuliza tu nani alikiyeyusha kidani cha bibi yake.

Hilo linanirudisha kwenye ugomvi wangu.

Waislamu wa kule wanamheshimu Bi Fatima binti Rasuli kama tunavyomheshimu sisi, na wapo wanaounganisha vidole na nguzo tano, au na watu watano wa nyumba ya Mtume. Sina neno na hilo. Lakini milimani kitu chenyewe kiliitwa khamsa, khomsa, khmissa, yaani tano, au afus. "Main de Fatma" lilienezwa na Wafaransa. Na katika Kifaransa cha walowezi wa Algeria, "fatma" lilikuwa jina la mjakazi yeyote wa Kiislamu. Bibi ana jina lake la haki, anaitwa fatma kwa sababu anafua nguo za watu. Mimi jina lililopitia jikoni kwa mlowezi kabla ya kufika dukani silitaki katika kadi ya mwaliko, na mwandalizi keshaniahidi kwamba mara ijayo atanipigia simu kwanza.

Ni wa zamani kiasi gani? Huko Carthage na miji iliyokuwa chini yake, watu waliomwomba mungu wa kike Tanit na mwenzake Baal Hammon walisimamisha mawe ya nadhiri, na kwenye mengi yake umechongwa mkono wa kulia ulio wazi, umeinuliwa. Carthage ilivunjwa mwaka 146 kabla ya Kristo. Wapo wanaojenga ngazi moja kwa moja kutoka jiwe lile hadi kidani cha leo. Mimi ngazi hiyo sipandi, vidato vingi vinakosekana, na mkono uliowazi ni jambo ambalo binadamu yeyote anaweza kulifikiria akiinua mkono wake.

Ng'ambo ya bahari ushahidi uko wazi zaidi. Lango la Haki la ngome ya Alhambra, mjini Granada, lilijengwa mwaka 1348, na juu ya tao lake la nje umechongwa mkono. Granada ikaangukia mikononi mwa Wakristo mwaka 1492. Mwaka 1526, mjini humohumo, wakuu waliokutanishwa na mfalme Karoli wa Tano (wa Tano, bila shaka) walipiga marufuku hirizi za mkono. Marufuku haipigwi kwa kitu kilichokwisha kusahaulika. Watu walikuwa wanauvaa.

Nimekaribia kumaliza, bado wachoraji tu. Mwaka 1967, miaka mitano baada ya uhuru, kundi la wasanii mjini Algiers lilijiita Aouchem, maana yake chale za mwilini. Denis Martinez, Choukri Mesli na wenzao walisema uchoraji wa Algeria hauna haja ya kuanzia Paris wakati bibi zao wana alama usoni na ukutani. Morocco alikuwapo Farid Belkahia, aliyeongoza shule ya sanaa ya Casablanca kuanzia 1962 hadi 1974. Aliacha turubai na rangi za mafuta, akatandaza ngozi ya mnyama juu ya mbao, akaipaka hina. Ngozi na hina, vijana! Alitengeneza mikono mikubwa namna hiyo, ubao wenyewe umekatwa umbo la mkono, ndani yake mishale, nukta na herufi za Tifinagh, maandishi ya kale ya Waamazigh. Ukiisimamia karibu unaona vinyweleo vya ngozi, na rangi ya hina imeingia kama ilivyoingia kiganjani kwa biarusi. Kati ya wote waliouchora mkono, huyo ndiye ninayemwonea wivu.

Serikali nazo hazikuachwa nyuma. Nembo ya taifa la Algeria, ya mwaka 1976, ina mkono katikati, na jua linachomoza nyuma yake. Mzee wangu alikuwa na pasi yenye nembo hiyo. Alinionyesha siku moja, akasema walau ofisi nzima imewekewa khamsa, wala haikumsaidia kuondoka kwenye foleni.

Kijana mmoja kaniandikia swali kabla ya kikao: je, kidani kilichopigwa na mashine kwa maelfu, vidole vyote sawa, hakina mkono wa mtu ndani yake, kinakinga? Mimi ni sonara, si mganga. Najua ninachokiona benchini. Ninapoletewa kidani cha namna hiyo nilehemu pete yake iliyokatika, nyuma huwa ni tambarare, nyeupe, hapajaguswa. Kidani cha zamani cha Tiznit nyuma yake kina alama za nyundo, kina mkwaruzo wa tupa iliyoteleza, na mahali panapolala kifuani pamelainika kama sabuni iliyotumika. Nimevileta vyote viwili. Nimeleta pia kipande kimoja nilichokichoma vibaya siku zile, ili msidhani nilizaliwa fundi.

Viko hapa mezani. Karibuni mvishike, vikiwa vimefutwa vumbi, na ngozi ile msiipinde. Chai iko nyuma, na vibibi vimeletwa na mama zetu wa Mji wa Kale, msiviache. Meza ni ndogo, kwa hiyo msije kwa fujo. Njooni wanne, na mmoja.